Navigator, Explorer, Konqueror, Kisha Safari

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyekuja kwetu hapa Kakamega kwa mafunzo ya kazini alinijia akiwa na wasiwasi. Nilikuwa nimempa logi ya seva aisome, ajifunze kutambua wageni wa tovuti wanatumia vivinjari gani. "Mkubwa," akasema, "nadhani kuna mtu anatudanganya. Huyu ametumia Chrome kwenye Windows, lakini kitambulisho chake kinasema Mozilla, kinasema Gecko, halafu mwishoni kinasema Safari. Safari si ni ya Apple?"

Nikautazama mstari wenyewe. Ulikuwa hivi:

Mozilla/5.0 (Windows NT 10.0; Win64; x64) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/120.0.0.0 Safari/537.36

Hapakuwa na mdukuzi yeyote. Hivyo ndivyo Chrome inavyojitambulisha kwa kila seva duniani, kila mara unapofungua ukurasa. Edge na Opera hufanya vivyo hivyo. Neno la Kiswahili limo ndani ya kila ombi lao.

Swali la kijana huyu lilinikaa kichwani kwa sababu nyingine. Wiki hiyohiyo mteja wetu mmoja alikataa mfumo tuliomtengenezea usiwe kwa Kiswahili, bali uwe kwa Kiingereza kitupu. Ni mfumo wa kuweka hesabu za vyama vya akiba vya akina mama vijijini. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: "Kiswahili si lugha ya kompyuta." Siku ile sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na nimelipata ndani ya mstari huohuo wa logi. Tufuatane neno kwa neno.

Kila mtu anajifanya mwingine

Kwanza tumjibu kijana. Mwaka 1993 kivinjari kilichowaingiza watu wa kawaida kwenye mtandao kilikuwa Mosaic, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka uliofuata baadhi ya waliokitengeneza walishiriki kuanzisha kampuni ya Netscape, wakiwa na nia ya kuiua Mosaic kabisa. Ndani ya kampuni kivinjari chao kipya kiliitwa Mozilla, jina alilolibuni Jamie Zawinski kwa kuunganisha Mosaic na Godzilla, lile dude la sinema za Kijapani linalobomoa miji. Sokoni kikaitwa Netscape Navigator, lakini kilipozungumza na seva kiliendelea kutumia jina la nyumbani.

Navigator iliweza kuonyesha fremu, jambo ambalo vivinjari vingine havikuliweza wakati huo. Wenye tovuti wakaanza kubagua: ukisema wewe ni Mozilla unapewa ukurasa mzuri, wengine wanapewa makombo. Microsoft ilipoleta Internet Explorer mwaka 1995 haikukubali kulala njaa. Nayo ikaanza kujiita Mozilla, huku ikiongeza kwa sauti ndogo kwamba "inalingana" nayo. Baadaye Mozilla ikajengwa upya juu ya injini iitwayo Gecko, na seva zikaanza kuipendelea Gecko. Wale wa KDE, waliokuwa na injini yao ya KHTML, wakaandika kwamba wao ni "KHTML, kama Gecko". Apple ikaichukua KHTML ikatengeneza Safari, ikayabeba maneno hayo yote na kuongeza jina lake. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilitumia injini ya Apple. Haikutaka kunyimwa kurasa walizopewa wenye Safari, basi ikaurithi mstari mzima.

Kwa ufupi, kila aliyechelewa kufika karamuni alitaja majina ya waliomtangulia ili afunguliwe mlango. Hata ile namba 537.36 imegandishwa tu, haihesabu kitu tena.

Kwa upande wa teknolojia hadithi inaishia hapo. Lakini majina yenyewe yana historia ndefu kuliko kompyuta.

Gorila, mjusi na mbuzi

Tuanze na Mozilla. Nusu ya jina hilo ni Godzilla. Kwa Kijapani dude hilo, lililotokea kwenye sinema mwaka 1954, huitwa Gojira, na jina hilo limeundwa kwa maneno mawili: "gorira", yaani gorila, na "kujira", yaani nyangumi. Na gorila je? Miaka ipatayo 500 kabla ya Kristo, Hanno, baharia wa Carthage katika nchi ambayo leo ni Tunisia, alisafiri kusini kufuata pwani ya magharibi ya Afrika. Maelezo ya safari yake yametufikia kwa Kigiriki. Humo anasema alikuta viumbe wenye manyoya mengi, na wakalimani wake wakamwambia wanaitwa Gorillai. Mwaka 1847 Thomas Savage, daktari na mmisionari Mmarekani aliyekuwa Afrika Magharibi, alilichukua neno hilo kumpa jina nyani mkubwa ambaye wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa hawajamjua. Kwa hiyo ndani ya Mozilla kuna neno ambalo mkalimani fulani, ambaye jina lake hatulijui, alimtamkia mgeni kwenye pwani ya Afrika.

Gecko ni jina la mjusi, wa ukoo wa yule mjusi kafiri anayekimbia ukutani ukiwasha taa. Kiingereza kililipata kutoka Kimalei, na Wamalei walilipata kwa mjusi mwenyewe: ni mwigo wa sauti yake.

Hata neno lenyewe "browser" lina kichekesho chake. Katika Kifaransa cha zamani "brost" lilikuwa chipukizi la mti, na kitenzi kilichotokana nalo kilimaanisha mnyama kula machipukizi na majani. Wataalamu wa wanyama wangali wanalitumia hivyo kwa Kiingereza: ng'ombe anakula nyasi chini, lakini twiga na mbuzi wanadonoadonoa majani. Baadaye likasemwa juu ya mtu anayepitapita dukani au maktabani akigusa hiki na kile bila kununua. Ndipo likaingia kwenye kompyuta. Kwa asili, basi, "browser" ni mbuzi.

Sisi tumesema kivinjari. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huko ukichunguza, na limezoeleka hasa baharini, kwa chombo kinachorandaranda kikilinda au kupeleleza. Waingereza walikwenda malishoni kutafuta neno, nasi tukaenda baharini. Sioni kwa nini mbuzi awe neno la kisayansi na chombo cha baharini kiwe neno la kuchekwa.

Nahodha anayehitaji rubani

Sasa yatazame majina ya vivinjari kwa utaratibu wa kuzaliwa kwao. Navigator, 1994. Explorer, 1995. Konqueror, 2000. Safari, 2003. Waliochagua jina la Konqueror walifanya hivyo kwa utani unaojulikana: kwanza huja baharia, halafu mvumbuzi, halafu mshindi. Herufi K wameiweka kwa sababu ya KDE.

Kwao ulikuwa utani. Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki huo ni mtaala wa historia wa shule ya msingi, na uko katika mpangilio sahihi kabisa.

Navigator linatokana na maneno mawili ya Kilatini, "navis", yaani meli, na "agere", yaani kuendesha. Navigator tunayemjua sisi ni Vasco da Gama. Alifika pwani yetu mwaka 1498, akagombana na watu Msumbiji, akagombana na watu Mombasa, kisha Aprili akapokewa vizuri Malindi. Huko akapewa kitu alichokihitaji kuliko chakula: rubani aliyeijua njia ya kwenda India na aliyezijua pepo za msimu. Mwezi Mei walikuwa Calicut. Hadithi iliyozoeleka humtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa Kiarabu, lakini wanahistoria wengi wameikataa. Lililo wazi ni kwamba baharia mashuhuri wa Ureno aliivuka bahari hii akiongozwa na mtu aliyempata Malindi.

Likumbuke jambo hilo, kwa sababu litajirudia.

Explorer linatokana na "explorare", yaani kuchunguza. Katika jeshi la Warumi kulikuwa na kikosi cha "exploratores", na kazi yao haikuwa kustaajabia milima. Walikuwa wapelelezi waliotangulia mbele ya jeshi kutazama njia, maji na nguvu za adui.

Kwetu sisi watu wa magharibi mwa Kenya Explorer alifika mwaka 1883. Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 25 (mdogo kuliko mimi), alitumwa na Chama cha Kijiografia cha Uingereza kutafuta njia fupi ya kutoka pwani hadi Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamaasai. Mwishoni mwa mwaka huo alifika Mumias, mwendo wa matatu tu kutoka hapa nilipo. Ila hakupaita Mumias. Alipaita Kwa Sundu, kwa sababu hivyo ndivyo watu wa pwani walivyopaita, kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Unaona? Mvumbuzi alipafikia mahali ambapo tayari palikuwa na jina la Kiswahili, kwa sababu wafanyabiashara Waswahili walikuwa wamekwisha kufika, wanajulikana na mji, wana mahali pa kulala. Hata sehemu ya njia alisafiri na mfanyabiashara wa pwani, Jumbe Kimameta, aliyeizoea nchi ya Wamaasai. Kitabu cha Thomson kilitoka mwaka 1885, na ramani ikawa mikononi mwa kila aliyeitaka.

Baada ya mpelelezi likaja jeshi. Neno "conquer" asili yake ni Kilatini, "conquirere", yaani kutafuta na kukusanya. Mwaka 1895 C. W. Hobley alikuja Mumias kusimamia eneo hili kwa niaba ya serikali ya Uingereza. Wakati huo sehemu zetu zilihesabiwa kuwa za Uganda. Ziliingizwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya mwaka 1902. Mwaka huohuo wa 1895 kikosi cha serikali, pamoja na washirika wake wa Kiafrika, kilikwenda kupigana na Wabukusu. Kwanza ikaanguka ngome ya Lumboka, kisha ile ya Chetambe, juu ya kilima karibu na Webuye. Wabukusu walikuwa na kuta za udongo na mahandaki, wenzao walikuwa na bunduki. Waliokufa walikuwa wengi, na mpaka leo jina la Chetambe halitajwi ovyo. Miaka michache baadaye ikaja kodi ya nyumba, yaani kule kutafuta na kukusanya kwenyewe.

Navigator, Explorer, Konqueror. Wataalamu wa kompyuta walikuwa wanataniana, wala sina kinyongo nao. Lakini majina hayo matatu yote yanamsifu mtu mmoja tu: yule anayetoka mbali na kufika. Hakuna kati yake linalomtaja rubani wa Malindi au Jumbe Kimameta.

Neno la nne

Safari ni tofauti, na ndiyo sababu nimeandika haya yote.

Sisi wenyewe tulilikopa. Ni "safar" ya Kiarabu, na sote tunajua: msafiri, msafara, kusafiri. Kiswahili kililichukua kikalifanya lake, mpaka likapata maana ambazo Mwarabu hakutupa, kwa mfano tunaposema "safari hii sikubali", ambapo hakuna anayekwenda popote.

Lilivyoingia katika Kiingereza, kamusi humtaja Richard Burton miongoni mwa wa kwanza kuliandika, mwishoni mwa miaka ya 1850. Burton na John Speke walianza kutoka pwani, karibu na Bagamoyo, Juni 1857, wakafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika Februari 1858. Hawakufungua njia. Walifuata barabara ya misafara iliyokuwa imekanyagwa na Wanyamwezi na watu wa pwani kwa miaka mingi. Msafara ulikuwa na utaratibu wake na lugha yake: mbele kirangozi, aliyejua njia na vituo, nyuma yake wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani au kichwani. Shughuli nzima ilikuwa na jina, nalo ni safari. Burton angeweza kutumia neno la Kiingereza, maana yako mengi ya kutaja mwendo. Lakini kitu alichokuwa ndani yake, hesabu zake, vyeo vyake, migomo yake na malipo yake, vilikuwa kwa Kiswahili. Akaliandika neno la wenye kazi.

Mmoja wa wenye kazi tunamjua kwa jina. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru wake huko na kurudi Afrika Mashariki. Alikwenda na Burton na Speke hadi Ujiji. Akarudi na Speke na Grant kutafuta chanzo cha mto Nile. Akaenda na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone. Akaenda na Cameron na kulivuka bara zima mpaka pwani ya Atlantiki. Katika vitabu vya wakati wake majina makubwa kwenye jalada ni ya hao wengine. Ukihesabu maili, yeye aliwashinda wengi wao.

Baadaye neno likabadilika mikononi mwa wapya. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na misafara ya kibiashara ikafifia. Mumias, uliokuwa mji wa misafara, ukapoteza cheo chake, na makao makuu ya wilaya yakahamia hapa Kakamega. Wapagazi hawakuwa na bidhaa za kubeba tena, ila walikuwapo matajiri waliotaka kuwinda. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Safari yao ilikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Baba na mwana waliua wanyama wakubwa 512, na msafara mzima ulikusanya viumbe zaidi ya 11,000 kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, kuanzia wadudu hadi ndovu. Magazeti yalilifuata jambo hilo kwa hamu. Tangu hapo, kwa masikio ya Mmarekani, safari haikuwa tena mwendo wowote ule. Ilikuwa simba, bunduki, hema na kofia.

Neno letu likapanda meli likarudi likiwa jembamba zaidi. Kwetu mtu ana safari ya Nairobi kumwona daktari. Kwao ukisema una safari, watakuuliza uliona tembo wangapi.

Na Kiingereza kilitulipa nini? Neno moja naliona kila nikienda Nairobi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi wa kubeba chakula na risasi kuwafuata Wajerumani Tanganyika. Kiliitwa "Carrier Corps". Vijana kutoka sehemu nyingi, zikiwemo hizi zetu, walichukuliwa kwa maelfu, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Midomo ya Waswahili ikaligeuza jina la kikosi kuwa Kariakor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, mahali ambapo wapagazi walikaa. Leo ni masoko. Watu wananunua vikapu na vitambaa, wachache wanajua wanatamka neno la Kiingereza, na wachache zaidi wanajua ni jina la watu waliobeba mizigo mpaka wakafa.

Kwa hiyo neno la wapagazi lilikwenda Ulaya likawa starehe. Neno la Ulaya likaja kwetu likawa upagazi.

Kilichobebwa na KDE

Januari 7, 2003, Steve Jobs alitangaza kivinjari kipya cha Apple. Don Melton, aliyeiongoza timu iliyokitengeneza, ameeleza kwamba kabla ya kuamua walijaribu majina kadhaa, na moja ambalo Jobs alilipenda lilikuwa "Freedom". Maana yake ni uhuru! Tungekuwa karibu vilevile. Mwishowe wakachagua Safari, na alama yake ikawa dira ya baharini.

Hapo historia ikajirudia kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Safari ya Apple haikuanza kutoka sifuri. Chini yake kulikuwa na KHTML, injini ya Konqueror, kazi ya watu wa programu huria kama Lars Knoll na wenzake, wengi wao wakijitolea. Apple ilikuwa imeifanyia kazi injini hiyo kimyakimya kwa muda mrefu, na watu wa KDE walipata barua pepe ya shukrani siku ya tangazo. Leseni iliilazimu Apple kuutoa msimbo wa injini, nayo iliutoa, lakini kwa vifurushi vikubwa ambavyo ilikuwa taabu kuvirudisha KHTML. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 2005 Apple ikaifungua WebKit kama mradi wa wazi. Google ikaichukua kwa Chrome, na mwaka 2013 ikachepuka na tawi lake, Blink. Siku hizi Konqueror yenyewe inatumia injini iliyotokana na Chromium. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Simfananishi mwanaprogramu wa Ujerumani na mpagazi aliyekufa Rufiji. Ninasema tu kwamba mara nyingi jina la jalada si jina la aliyebeba. Ila katika ule mstari wa logi, kwa bahati, KHTML bado imeandikwa. Hakuna aliyethubutu kuifuta, maana seva fulani mahali fulani itakataa kufungua mlango.

Kitufe kimoja

Turudi kwa mteja wetu. "Kiswahili si lugha ya kompyuta." Mstari mmoja unaotumwa na Chrome una sauti ya mjusi kwa Kimalei, neno la mkalimani wa Afrika Magharibi lililopitia Ugiriki na Japani, na neno la Kiswahili lililotoka Uarabuni. Kompyuta haikuwahi kuwa na lugha yake. Ilichukua neno popote palipokuwa na kitu kinachofanya kazi.

Imetokea tena machoni petu. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza hapa Kenya, na pesa, neno tulilopewa na Wahindi, likaanza safari nyingine. Mwaka 2008, katika siku zile mbaya za ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya walitengeneza Ushahidi ili watu waripoti kwa simu yaliyokuwa yakitendeka, na mwaka 2010 programu hiyo ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Hakuna aliyedai jina libadilishwe ndipo seva ikubali. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford iliongeza maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, na mojawapo ni sambaza, lile tunalolitumia tukimtumia mtu kredo.

Nilikwenda kuzungumza na mteja nikiwa na skrini moja tu. Kwenye mfumo wake kuna kitufe ambacho mweka hazina anakibonyeza akimaliza kuandika michango ya siku. Kwa Kiingereza ameandikiwa "Submit". Nilikuwa nimemwona mama mmoja akisita mbele ya kitufe hicho, akakibonyeza mara mbili kwa kutokuwa na hakika, na michango ya wanachama wote ikaingia maradufu. Kosa la kuruhusu mara mbili ni letu, tumelirekebisha. Lakini kusita kwake kulikuwa na sababu. "Submit" ni Kilatini, "submittere", kuweka chini ya kitu. Ni neno analolitumia aliyeshindwa vitani anapoweka silaha chini. Ni jirani wa Konqueror.

Sisi tulikuwa tumeandika "Wasilisha". Mzizi wake ni wasili, yaani kufika. Kuwasilisha ni kukifanya kitu kifike. Ndilo neno la mwisho la safari yoyote, na mama yule analijua tangu akiwa mtoto, kwa sababu barua huwasilishwa, na salamu huwasilishwa.

Mteja alisikiliza. Hakusema ndiyo kwa mfumo mzima. Alikubali tujaribu skrini ya michango kwa Kiswahili katika vyama vitatu kwa miezi miwili, kisha tulinganishe makosa. Nitawaletea matokeo, yawe mazuri au mabaya.

Na yule kijana wa mafunzo sasa amepata tabia mpya. Kila akisoma logi anahesabu ni mistari mingapi ina neno safari. Nimemwambia Firefox ya kwenye kompyuta hailiandiki, asije akadhani imeharibika. Kama wewe msomaji unalijua neno jingine letu lililojificha ndani ya programu, niandikie, nimpe kazi ya kulifuatilia.